Tiba ya jeni ya selimundu imeshapatikana, wagonjwa wengi wako kwetu: ni nini hasa kinachotuchelewesha?

#1 Msafiri wa Kigogo
Habari zenu, wakuu. Naomba tulijadili jambo hili kwa hoja.

Mwishoni mwa 2023 Marekani iliidhinisha tiba mbili za kuhariri au kuongeza jeni kwa wagonjwa wa selimundu, ugonjwa wa kurithi unaozipinda seli nyekundu za damu. Ya kwanza, Casgevy, ilitangazwa kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na ya pili, Lyfgenia, kwa dola milioni 3.1. Wakati huohuo Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 kila mwaka wanaozaliwa na ugonjwa huu, na zaidi ya robo tatu ya wanaozaliwa nao duniani wako Afrika kusini mwa Sahara.

Dai langu ni kwamba teknolojia hii, kwa namna ilivyo leo, imelipanua pengo la matibabu kati ya nchi tajiri na zetu badala ya kulipunguza, na kwamba fedha na akili zinazomiminwa huko zingeokoa watoto wengi zaidi kama zingeelekezwa kwenye upimaji wa watoto wachanga na haidroksiyurea, dawa ya kumeza inayopunguza makali ya ugonjwa. Anayepinga aje na sababu.

#2 Bin Saad
Sahihisho dogo kutoka Muscat. Marekani haikuwa ya kwanza. Uingereza iliidhinisha Casgevy tarehe 16 Novemba 2023, Bahrain ikafuata mwanzoni mwa Desemba, na Marekani ilikuja tarehe 8 ya mwezi huohuo. Saudi Arabia ikaidhinisha Januari 2024.

Nimelisahihisha kwa sababu mada imejengwa kana kwamba ugonjwa ni wa Mwafrika na tiba ni ya Mzungu. Huku Ghuba selimundu ni ugonjwa wa nyumbani. Oman kuna familia zenye aina ya jeni inayofanana na ile ya Bara Hindi, ambayo mara nyingi ina ukali mdogo kwa kuwa mgonjwa hubaki na himoglobini nyingi ya kichanga, ile anayozaliwa nayo mtoto, na kuna familia zenye aina iliyotoka Afrika Mashariki na Magharibi. Wagonjwa wawili wa mtaa mmoja, wenye jina moja la ugonjwa, wanaweza kuwa na maisha tofauti kabisa.

#3 Tumbili Mstaarabu
Ghuba wana mafuta, mkuu, sisi tuna maembe. Tuendelee.

#4 Mama Neema
Naunga mkono #1, ila sababu yangu si bei.

Mwanangu alipimwa akiwa mchanga kabisa, kwa sababu upande wa baba yake kulikuwa na historia ya ugonjwa. Tukaambiwa hana tatizo. Hakujatimia mwaka mikono na miguu ikaanza kuvimba, analia ukimgusa vidole. Katika zahanati tuliyokuwa tukiitumia tulipewa dawa ya malaria, tukarudi tukapewa tena, kisha tukaambiwa labda ameangushwa na msichana wa kazi. Binti wa watu nilimrudisha kwao kwa ajili hiyo. Tulikuja kujua kuwa ni SS, yaani amerithi jeni ya selimundu kwa baba na kwa mama, baada ya muuguzi mmoja wa hospitali nyingine kumtazama macho, akayaona ya manjano, akambonyeza ubavuni na kuuliza kama tuliwahi kupima damu kwa umeme, kile kipimo cha kutenganisha aina za himoglobini.

Kwa hiyo mimi nauliza, hata hiyo tiba ingekuwa ya bure, angepewa nani wakati mtoto bado anaitwa mgonjwa wa malaria?

#5 Maabara Tanga
Pole sana, Mama Neema. Naomba nieleze kilichotokea, kwa sababu wazazi wengi wanakumbana nacho.

Kipimo kinachotumika sehemu nyingi ni kile cha kuchanganya damu na kemikali inayoondoa oksijeni, kisha kutazama kwenye hadubini kama seli nyekundu zinajipinda. Kipimo hicho kina kasoro mbili. Kwanza, hakimtofautishi mwenye ugonjwa na mwenye jeni moja tu, maana wote wawili seli zao zinaweza kujipinda. Pili, mtoto mchanga damu yake imejaa himoglobini ya kichanga, ambayo huzuia seli kujipinda, kwa hiyo majibu ya kwamba hana tatizo hayana uzito katika miezi ya mwanzo. Himoglobini hiyo hupungua mtoto anapoelekea miezi sita, na ndipo vidole huanza kuvimba.

Siku hizi viko vipimo vya papo kwa papo, vya tone moja la damu, majibu ndani ya dakika chache, bila umeme, kwa gharama ya dola chache tu, na vinatofautisha AA (asiye na jeni ya ugonjwa), AS (mwenye jeni moja) na SS (mgonjwa) hata kwa mchanga. Hii pia ni teknolojia, ingawa haitangazwi kwa mbwembwe.

#6 Hoja Kavu
Napinga #1 na ninampinga #4 kwa heshima.

Bei si sababu kuu, na upimaji nao si sababu kuu. Tuseme Casgevy inatolewa bure kesho asubuhi. Mgonjwa anatakiwa kuchujwa seli za uloto (ute wa mifupa unaotengeneza damu) kutoka kwenye damu, seli zisafirishwe kiwandani, zihaririwe, zirudishwe miezi kadhaa baadaye, kisha apewe busulfani ya kuua uloto wa zamani, dawa ambayo inaweza kumwondolea uwezo wa kuzaa, na alazwe kwa wiki kadhaa kwenye chumba kisicho na vijidudu huku akiongezewa chembe sahani zinazogandisha damu. Hospitali ngapi zinamudu hayo? Tatizo ni vitanda, umeme, benki ya damu na wauguzi waliosomeshwa. Kuilaumu bei ya dawa ni kuikwepa bajeti yetu wenyewe.

#7 Msafiri wa Kigogo
#6, umenisaidia kujenga hoja yangu. Kama tiba haiwezi kufanyika bila hivyo vyote, basi imebuniwa kwa ajili ya mahali penye hivyo vyote.

Hata hivyo tusiseme hatuna chochote. Muhimbili ilianza kupandikiza uloto 2021 kwa wagonjwa wa saratani ya damu, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikaanza kuwapandikiza watoto wa selimundu 2023. Kinachokwamisha hapo ni mtoaji, kwa maana kila ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja tu kati ya nne ya kulingana na mgonjwa.

#8 Dkt wa Zamu
Salamu kutoka Kampala. Nadhani mnabishana juu ya paa huku nguzo mmeziacha.

Utafiti wa REACH ulifanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, na matokeo yake yakatolewa mwishoni mwa 2018. Watoto 606 walipewa haidroksiyurea. Malaria ilishuka kutoka matukio 46.9 hadi 22.9 kwa kila miaka 100 ya uangalizi wa wagonjwa (sawa na wagonjwa 100 kufuatiliwa kwa mwaka mmoja), uongezaji wa damu kutoka 43.3 hadi 14.2, na vifo kutoka 3.6 hadi 1.1. Hii ni dawa ya miaka mingi, haina hataza, inamezwa nyumbani.

Na kwa wanaodhani kwamba tiba inayomfuata mgonjwa mmojammoja ni ya matajiri, hapa hospitali ya Mulago ulifanyika utafiti mwingine, matokeo yakatoka 2020. Kundi moja la watoto lilibaki kwenye kipimo kilekile cha takriban miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito. Kundi la pili kila mtoto aliongezewa taratibu kadiri damu yake ilivyovumilia, na wastani ukafika karibu miligramu 30. Waliopandishiwa walipata maumivu machache zaidi, walilazwa mara chache zaidi na walihitaji damu mara chache zaidi, bila madhara kuongezeka, hata utafiti ukasimamishwa mapema kwa kuwa tofauti ilikuwa wazi. Kilichohitajika ni mizani, mashine ya picha kamili ya damu na mtu anayejua kuyasoma majibu. Hiyo nayo ni tiba ya mtu binafsi, tena ya kweli.

#9 Hoja Kavu
Daktari, REACH haikuwa na kundi la kulinganisha. Watoto walilinganishwa na hali yao wenyewe ya miezi miwili kabla ya kuanza dawa. Mtoto aliyeingizwa kwenye utafiti anaonwa kila mwezi, anapigiwa simu, ana nauli, mzazi wake anafundishwa dalili za hatari. Ni kiasi gani kilitokana na kidonge, na kiasi gani kilitokana na kutunzwa?

#10 Dkt wa Zamu
Swali zuri. Huo wa Mulago wote walitunzwa kwa namna moja, na tofauti ikatokana na kipimo cha dawa peke yake. Na kama nusu ya mafanikio ni kutunzwa, hiyo nayo inaweza kuandikwa kwenye bajeti.

#11 Maabara Tanga
Niongeze jambo kwenye hilo la kuyasoma majibu, maana hapo ndipo nilipo kila siku.

Dozi ya haidroksiyurea hupandishwa au kusimamishwa kwa kuangalia chembe nyeupe aina ya nyutrofili. Sasa, sehemu kubwa ya watu wetu hawana alama ya kundi la Duffy kwenye seli nyekundu, jambo ambalo limewakinga mababu dhidi ya malaria ya vivaksi. Watu hao, wakiwa wazima kabisa, huwa na nyutrofili chache kuliko Wazungu. Mashine inaletwa ikiwa na viwango vya kawaida vilivyowekwa kwa damu za Ulaya, hivyo karatasi inatoka na herufi L mbele ya namba, yaani ipo chini. Tabibu mgeni akiiona L anasimamisha dawa. Nimewahi kushuhudia mtoto akisimamishiwa dawa mara kwa mara kwa sababu ya herufi hiyo, wakati nyutrofili zake zilikuwa juu ya 1,000 kwa kila mikrolita ya damu, kiwango ambacho tafiti zenyewe huruhusu dawa iendelee.

Viwango hivyo vinaweza kubadilishwa kwenye mipangilio ya mashine. Hakuna dola milioni mbili hapo. Kuna mtu kusoma, kujiamini na kuruhusiwa na mkuu wake.

#12 Mzee Kitwana
Vijana, mimi si wa selimundu, mimi ni wa kisukari, lakini #11 amenigusa. Kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu kwangu hutoka kizuri, kumbe nikijichoma kidole asubuhi sukari ipo juu. Kuna uhusiano?

#13 Maabara Tanga
Shikamoo, mzee. Uhusiano unaweza kuwapo. Tafiti zilizochapishwa 2017 zilionyesha kwamba mwenye jeni moja ya selimundu, na vilevile mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kipimo hicho kinaweza kusoma chini kuliko hali halisi ya sukari yake. Omba upimwe aina ya himoglobini, na hizo namba za asubuhi ziandike umpelekee daktari wako.

#14 Mzee Kitwana
Marahaba, mwanangu. Ahsante.

#15 Kasaji wa Lubumbashi
Nawasoma toka mwanzo. Naona kila mmoja anatafuta ufunguo mmoja, lakini kuna sababu ambayo hamjaitaja, nayo ni kwamba dawa zinabuniwa kwa miili na mazingira mengine kisha zinaletwa kwetu mwishoni.

Tazameni dawa ya selimundu iitwayo voksilotori. Iliidhinishwa Marekani 2019 kwa sababu ilipandisha himoglobini. Baadaye ikajaribiwa kwa watoto walio katika hatari ya kiharusi, katika nchi ambazo miongoni mwake ni Ghana, Kenya, Nigeria na Oman. Wakafa watoto 8 katika kundi la dawa na 2 katika kundi lisilopewa dawa, na baadhi ya vifo vilihusishwa na maambukizi, malaria ikiwemo. Septemba 2024 kampuni ikaiondoa dawa duniani kote. Miaka mitano ilikuwa imeshapita tangu idhini ya kwanza. Kama malaria ingefikiriwa mwanzoni, maswali hayo yangeulizwa mwanzoni.

#16 Hoja Kavu
Kaka Kasaji, mfano wako unaweza kusomeka kinyume. Dawa ilifanyiwa utafiti Afrika, hatari ikaonekana, ikaondolewa. Si ndivyo sayansi inavyotakiwa kwenda?

#17 Kasaji wa Lubumbashi
Ndivyo, ila aliyelipia funzo hilo ni mtoto wa nani?

#18 Mwanafunzi wa Jenomu
Naunga mkono #15 kwa takwimu. Uchambuzi uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa takriban asilimia 81 ya watu walioshiriki katika tafiti za kuhusisha jeni na magonjwa walikuwa na asili ya Ulaya, na wenye asili ya Afrika walikuwa asilimia 3 hivi. Ukiijenga programu ya kompyuta ya kutabiri ugonjwa juu ya data hiyo, itakubashiria mtu wa Oslo vizuri zaidi kuliko mtu wa Singida.

Lakini siyo kwamba hakuna kilichofanyika. Mtandao wa H3ABioNet, uliokuwa ukiongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Cape Town, ulianzisha 2016 kozi ya bioinfomatiki (kuchambua data za kibaiolojia kwa kompyuta) ambayo wanafunzi wa nchi nyingi za Afrika waliifuata kwa pamoja wakiwa madarasani kwao. Waandaaji walijua intaneti itakatika, kwa hiyo mihadhara ilirekodiwa na kupakuliwa mapema, na kila darasa likawa na wasaidizi wake wa kufundisha. Chuo cha Muhimbili nacho ni kitovu cha ushirikiano wa SPARCO, ulioanza kwa kuziunganisha Tanzania, Ghana na Nigeria katika daftari moja la wagonjwa wa selimundu. Kwa maoni yangu usawa utaanzia kwa mwenye kuishika data na mwenye kujua kuichambua.

#19 Mama Neema
Mdogo wangu #18, data ni nzuri, ila mimi naishi na kidonge.

Kapsuli ya haidroksiyurea ninayoipata ina miligramu 500. Mwanangu ana kilo 14, na daktari amemwandikia miligramu 280. Nilielekezwa na muuguzi nivae glavu, niifungue kapsuli juu ya kikombe chenye mililita 10 za maji, nikoroge, nivute mililita 5.6 kwa bomba la sindano lisilo na sindano, zinazobaki nimwage. Sasa hiyo alama ya 5.6 kwenye bomba haipo, kuna mstari wa 5 na mistari midogo inayofutika ukiosha mara chache, nami usiku nasomea tochi ya simu. Ulaya kuna vidonge vya miligramu 100 vya watoto. Dawa ni ileile, ugonjwa ni uleule, ila kule mzazi anahesabu vidonge na huku mzazi anageuzwa mfamasia.

Mwezi ambao duka la dawa halina kapsuli, tunakaa bila. Nadhani #6 hili hakuliweka kwenye orodha yake ya vitanda na umeme.

#20 Hoja Kavu
Sikuliweka, Mama Neema. Nabaki na msimamo kwamba kapsuli kukosekana dukani ni suala la mipango ya ununuzi ndani ya nchi, wala si la uchumi wa dunia.

#21 Msafiri wa Kigogo
Na kukosekana kwa kidonge cha miligramu 100 sokoni kwetu ni mipango ya ununuzi ya nani?

#22 Bin Saad
Mnisamehe nikirudi kwenye elimu. Saudi Arabia tangu 2004 imewalazimisha wachumba wote kupima selimundu na thalasemia, ugonjwa mwingine wa kurithi wa damu, kabla ya ndoa. Sheria haiwakatazi kuoana, inawataka wajue. Miaka michache baadaye idadi ya wachumba waliokuwa hatarini na wakaamua kuachana iliongezeka sana. Hii haikuhitaji kuhariri jeni yoyote, ilihitaji maabara na mtu wa kuwashauri.

#23 Tumbili Mstaarabu
Huku kwetu kadi za mwaliko zinachapwa kwanza, michango inakusanywa, ukumbi unalipiwa, ndipo mtu anakumbuka kupima. Nani atairudisha michango ya kamati?

#24 Mwalimu wa Baiolojia
Tumbili ametania, lakini ndiko tunakoshindwa. Shuleni tunafundisha kurithishana kwa jeni kwa kutumia njegere za Mendel, na mwanafunzi anajibu mtihani vizuri. Ukimuuliza yeye mwenyewe ni AA au AS, hajui, na mara nyingi hata mimi mwalimu wake sina mahali pa kumpeleka akapimwe. Nilipochora ubaoni mraba wa urithi wa AS kwa AS, unaoonyesha nafasi ya robo moja ya kupata mtoto SS, msichana mmoja alibaki baada ya kipindi na kuniuliza ikiwa ile robo moja ina maana kwamba mtoto wa nne ndiye atakayeugua. Kwao watatu wa mwanzo walikuwa wazima na mama yake alikuwa mjamzito. Nikamweleza kwamba kila mimba ina robo yake, haihesabu zilizotangulia.

Ila sikubaliani na #22 kwamba kupima kabla ya ndoa ni suluhisho lisilo na gharama. Pale ambapo viongozi wa dini wanadai majibu, nimesikia wasichana wenye AS wakikataliwa hata na wachumba wenye AA, ambao hawana hatari yoyote ya kuzaa mtoto SS. Kipimo bila maelezo kimezalisha unyanyapaa mpya.

#25 Dkt wa Zamu
Mwalimu, hapo umesema. Kliniki yangu haina hata mshauri mmoja wa mambo ya urithi. Kazi hiyo inafanywa na muuguzi katikati ya foleni.

#26 Kasaji wa Lubumbashi
Kisha mtu akisema watoto wa SS hufa kwa asilimia 50 hadi 90 kabla ya miaka mitano, familia inakata tamaa mapema. Takwimu hiyo inarudiwa kila mahali.

#27 Dkt wa Zamu
Inarudiwa, na msingi wake ni makadirio yaliyojengwa juu ya tafiti chache, nyingi za zamani, za maeneo yasiyo na matibabu. Mahali ambapo watoto hawapimwi hatuwezi kuhesabu waliokufa. Mgonjwa aliye kliniki asipewe hiyo namba kama hukumu yake.

#28 Hoja Kavu
Kwa hiyo tumefikia kwamba hatujui hata tunapoteza watoto wangapi, na bado #1 anataka tuamue fedha ziende wapi.

#29 Msafiri wa Kigogo
Ndiyo, nataka tuamue. England mwanzoni mwa 2025 walikubali kulipia Casgevy kwa wagonjwa wachache waliokidhi vigezo, baada ya kubishana kuhusu bei kwa muda mrefu. Hawakusubiri kujua kila kitu.

#30 Mgeni Pwani
Habari za humu. Mtoto wa dada yangu ana miezi mitatu, alipimwa kwa hadubini tu na akaambiwa yuko salama. Baba ni AS, mama hajawahi kupima. Nimesoma #5 nikaingiwa na wasiwasi. Tuanzie wapi?

#31 Maabara Tanga
Mama apimwe aina ya himoglobini wiki hii. Akiwa AA, mtoto hawezi kuwa SS. Ila majibu yakionyesha himoglobini nyingine yoyote isiyo ya kawaida, au asipopata kipimo haraka, mpelekeni mtoto mahali penye kipimo cha papo kwa papo au cha umeme, na msikubali kile cha hadubini tena. Akipata homa kabla ya hapo, msimsubirishe nyumbani. Uko Pwani ipi, ya Kibaha au ya Mombasa?

#32 Mgeni Pwani
Malindi.

#33 Maabara Tanga
Basi Kilifi si mbali nanyi. Kule ugonjwa huu wanaujua.

#34 Tumbili Mstaarabu
Na dada asipewe jibu la mdomo, aombe karatasi. Hiyo herufi L nayo muiulize.